Mapipa Madogo Aliyoyabeba Nkambo

Wiki iliyopita nilipanda pikipiki kutoka sokoni kwenda ofisini, na dereva alikuwa amevaa koti kuukuu la bluu lililonuka girisi. Si mafuta ya pikipiki, hayo nayajua. Ilikuwa ile girisi nyeusi ya reli, nzito, yenye harufu ya chuma kilichoshinda juani, ambayo wafanyakazi wa treni walikuwa wakiipaka kwenye magurudumu ya mabehewa. Nilimuuliza amelipata wapi koti hilo. Akasema ni la baba mkwe wake, aliyestaafu reli akaacha makoti matatu na saa mbovu ya ukutani. Nilicheka naye kidogo. Tulipofika nilishuka nikaingia ndani bila hata kumwambia asante, na mimi si mtu wa kukosa adabu kwa madereva.

Nkambo wangu alivaa koti la namna hiyo mpaka mwisho wake. Nkambo ndivyo tunavyomwita babu huku Kamina, mji wa reli wa Katanga, na bibi pia, lakini kwangu nkambo alikuwa mmoja tu, baba yake baba yangu, mwenye mabega mapana na sauti ya kuongoza nyimbo kanisani. Aliingia reli akiwa kijana ambaye ndevu zilikuwa bado kuota, akabeba mizigo, kisha akawekwa kwenye kazi ya kupaka girisi, akaifanya mpaka mgongo ulipokataa. Nilimjua akiwa mzee tayari. Aliishi nasi, akala nasi, na akanitania tangu nilipoamka mpaka nilipokwenda kulala.

Ninyi wa umri wangu mliokulia kwetu mnaujua utani huo, lakini niueleze kwa ajili ya walio mbali. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa nkambo wake. Aliniita bibi yangu, yaani mke wangu, na mimi nilimwita bwana yangu, na kwa hiyo nilikuwa na ruhusa ambayo mtoto hana kwa mtu mzima mwingine yeyote. Niliweza kumwita mwizi, mlafi, kibogoyo. Niliweza kumwambia mbele ya wageni kwamba namwacha nikaolewe na kijana mwenye meno. Yeye angeusingizia ugali wangu na kujibu, "Wende! Bukari yako haiivake, minyi njo ntapata amani," na wageni wangecheka hadi kushika mbavu. Sheria ilikuwa moja: anayekasirika ameshindwa. Mama alinizaba kofi nikimjibu yeye vibaya, lakini kwa yale niliyomwambia nkambo hakuwahi hata kunikunjia uso. Basi nilikua nikiamini kwamba neno la mjukuu haliwezi kumuumiza nkambo. Niliamini hivyo kabisa, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mapipa madogo. Siku moja, enzi za ujana wake, behewa lililotoka migodini kusini liliharibika magurudumu hapa stesheni ya Kamina, na vijana wakaitwa kuhamishia mzigo kwenye behewa jingine.

"Pipa zilikuwa kidogo, sawa ndoo ya maji," angesema, akipima kwa mikono. "Lakini nzito! Bantu bane kwa pipa moya. Batatu banaliaka mama yabo. Minyi peke yangu upande moya, ku bega hii. Tunauliza muzungu, iko nini ndani? Anasema, mawe. Tukacheka! Muntu gani anafungaka mawe mu pipa?"

Hapo angejipiga bega la kulia, na sisi tulipaswa kulishika na kushangaa. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye alikuwa bado hajatembea vizuri, alizoea kukaa juu ya bega hilo kila jioni, ameng'ang'ania sikio la nkambo. Ukimuuliza ilikuwa mwaka gani, jibu lilikuwa lilelile, "Mwaka ya mapasa ya dada yangu." Hakuhesabu miaka kwa namba. Alihesabu kwa mapacha waliozaliwa, kwa nzige, kwa mafuriko ya Bukama, na kila mzee wa rika lake alimwelewa.

Katika siku ninazozisimulia, vita vilikuwa vinatukaribia. Mnakumbuka. Ndege zilitua Base, kambi ya ndege za jeshi, mchana kutwa mpaka vioo vya darasa vikatetemeka, malori ya askari yalipita, na watu waliokimbia kutoka kaskazini walilala katika madarasa mawili ya shule yetu, wakipika sombe, majani ya muhogo, kwenye uwanja wetu wa kuchezea. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilitaka kitu kimoja, vita viishe, na nilikitaka hasa kwa sababu wakimbizi walikuwa wamechukua darasa letu na sisi tukasongamana watu wanne kwa dawati moja. Nasema ukweli ulivyo. Huruma ilinijia baadaye, na haikuja haraka.

Mwalimu wetu wa historia, kijana mrefu ambaye suruali zake zote zilikuwa fupi, alitangaza mjadala wa mwisho wa muhula, utakaofanyika mbele ya wazazi. Aliandika swali ubaoni kwa chaki nyekundu: je, ilikuwa haki kutumia bomu la atomiki ili kumaliza vita? Alitusimulia vita vile vikubwa vya dunia na miji miwili ya Japani, na mwanga uliowakuta watu njiani wakienda kazini na shuleni, ukawaunguza walipokuwa wamesimama. Tulisikiliza kama tunavyosikiliza mambo ya mbali. Kisha akasema jambo lililoninyanyua kitini. Alisema jiwe la bomu hilo lilichimbwa huku kwetu Katanga, likafungwa, likaondoka kwa treni, na waliolibeba hawakuambiwa ni nini.

Mawe yaliyofungwa. Treni. Nilitaka kupiga kelele hapohapo.

Tuligawanywa kwa kuokota vikaratasi. Mimi nilipata upande wa ndiyo, ilikuwa haki. Upande wa hapana uliongozwa na Numbi, binti wa askari wa Base, msichana mpole mwenye sauti ndogo. Baba yake alikuwa amepelekwa mstari wa mbele, na miezi mitatu ilikuwa imepita bila habari zake. Ningeweza kumwonea huruma. Nilichowaza ni kwamba sauti ile haitafika viti vya nyuma.

Jioni nilimkuta nkambo anakula karanga.

"Bwana yangu," nikamwambia, "utakuya ku masomo unisaidie? Utasema tu ile ya pipa."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya bazazi bote."

"Alors, nitavaa shati ya kanisa," akasema. "Bibi yangu asipate haya."

Sikumwambia swali lilikuwa nini. Nilitaka iwe zawadi. Kichwani mwangu nilimwona anasimama, watu wanampigia makofi, na yeye anagundua uzeeni kwamba bega lake lilimaliza vita vya dunia. Naapa sikuwaza zaidi ya hapo. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anaweza kukariri kwamba mji umeungua na asiuone mji.

Mjadala ulifanyika katika ukumbi wa kanisa, na ulifanyika kwa Kifaransa, kama ilivyokuwa desturi ya mambo makubwa. Nkambo alikaa safu ya tatu, shati jeupe limefungwa mpaka kooni, koti la reli juu yake. Kifaransa hakukijua zaidi ya maneno ya kazini. Kila niliposimama alitabasamu, na kila nilipokaa aliangalia kulia na kushoto kuona kama majirani wameniona.

Nilisema vizuri, sitajidai kwamba sikusema vizuri. Nilisema kila siku ya vita ina maiti wake, na anayevifupisha vita ameokoa watu. Niliwanyoshea mkono wakimbizi waliosimama mlangoni, nikauliza nani kati yao angekataa vita viishe leo, kwa njia yoyote. Watu waliguna kukubali. Numbi akasimama, na kweli sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ukumbi ulinyamaza ili imfikie kila mtu. Alisema baba yake ni askari, na alimwambia kabla ya kuondoka kwamba askari anakwenda kufa ili watoto wabaki. "Ukiwaua watoto ili askari warudi nyumbani," akasema, "wanarudi kwa nani?"

Niliona waamuzi wanaandika. Nikaona ushindi unaniponyoka, nikaomba ruhusa ya kumhoji shahidi kwa Kiswahili. Mwalimu alishangaa, akaruhusu. Nkambo akaja mbele, amenyooka.

"Nkambo, weye njo ulibebaka pipa za kidogo za nzito?"

"Njo minyi, bibi yangu! Bantu bane kwa pipa moya."

Ukumbi ukacheka. Akaisimulia yote, batatu waliolia mama zao, mzungu, mawe, mwaka wa mapacha, na akajipiga bega. Watu walimpenda. Nilingoja kicheko kiishe, halafu nikawageukia.

"Ile mawe njo ilitengeneza bomu," nikasema. "Vita ya dunia ilimalizwa na nkambo yangu!"

Makofi yalipasuka. Nkambo alitabasamu, lakini alikuwa ananiangalia mimi, si watu. Alikuwa ameshika neno moja, bomu. Numbi akasimama, maana upande wa pili nao ulikuwa na haki ya kumuuliza shahidi. Alimuuliza kwa heshima, amekunja mikono mbele, kama anavyoulizwa mzee.

"Nkambo, mbele mubebe, balikuambia ni muji gani itaunguzwa?"

"Muji gani?" nkambo akasema.

"Muji yenye bantu. Na batoto, nkambo. Benye kuwa ku masomo."

Aligeuka kwangu. Alikuwa ananingoja nicheke, nimwambie kwamba yule mtoto anatania. Na mimi, kwa sababu Numbi alikuwa anarudisha ukumbi upande wake, nilifanya nilichozoea kufanya nyumbani. Nilimtania.

"Usiogope, bwana yangu," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Weye njo muuaji mukubwa wa dunia yote!"

Ukumbi mzima ulicheka, na nkambo akacheka pia. Mjukuu akitania, nkambo hana budi kucheka. Nilimwona anacheka nikaamini yamekwisha. Tulishinda. Nilipewa kamusi mpya ya Kifaransa, na siku hiyohiyo wavulana wa darasa la juu wakaanza kuniita Atomiki na kunipisha njiani.

Tuliporudi nyumbani nkambo hakusema kitu. Nilidhani anatafakari ukubwa wake. Nilikuwa nimewaona wakubwa wa ofisi wanavyotembea kimya, na niliamini mtu akijua kwamba ni mkubwa huacha kupiga domo. Hata alipokosa kula jioni hiyo nilimweleza mama kwamba nkambo ana mawazo ya watu wakubwa.

Kesho yake aliniita kwa jina langu. Jina langu la shule, lililoandikwa kwenye daftari. "Leta maji," akasema, na jina. Nilimjibu kwa utani, nikamwita bwana wangu mzee asiye na miguu, akasema asante kwa maji. Siku ya tatu nikaacha kumjaribu. Jumapili ya Meza ya Bwana, ambapo sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiwatoa watu vitini, mtu mwingine alianzisha wimbo. Safu yetu iliinuka kwenda mbele kupokea mkate, na nkambo akabaki ameketi, ameweka mikono juu ya magoti. Tulilazimika kumruka miguu.

Hata hapo bado nilikuwa na maelezo yangu. Jioni moja ndiyo iliyoyamaliza. Mdogo wangu alitambaa mpaka kwake, akamshika suruali, akanyosha mikono apandishwe begani kama kawaida. Nkambo alimwinua, akamtazama, akamshusha chini polepole. Mtoto akalia. Mama akamuuliza baba mkwe wake, "Tata, uko na maumivu?"

"Ku bega hii, hapana," akasema. "Ile muji ilikuwa na batoto sawa huyu."

Basi nilijua. Nataka niliseme wazi, kwa sababu miaka mingi nilijisingizia utoto: kuanzia jioni ile nilijua.

Siku chache baadaye, shule ikiwa imefungwa kwa ajili ya Noeli, mwalimu alinisimamisha njiani akiwa na sanduku mkononi. Alikuwa anakwenda stesheni. Mke wake alikuwa Bukama, karibu kujifungua. Alikuwa amefurahi kama mtu aliyeokota kitu kilichopotea.

"Neno ya nkambo yako ilininyima amani," akasema. "Nikaenda ku misheni, nikatafuta mu kitabu ya ubatizo. Kyungu na Kabange, mapasa ya dada yake, balizaliwa vita ilikuwa imeshaisha. Mwaka muzima ilipita! Unasikia? Pipa zake hazikuenda ku ule muji. Haiwezekane. Umwambie leo."

"Ndiyo, maître."

"Leo," akasema tena. "Mbele ya kula."

Akaenda zake. Nilisimama pale na kamusi yangu kwapani, maana siku hizo nilitembea nayo kila mahali, na nikapiga hesabu ya kitoto. Kama mapipa ya nkambo hayakwenda Japani, basi nilidanganya mbele ya wazazi. Kamusi ingekwenda kwa Numbi. Wavulana wangeacha kunipisha, au wangeendelea kuniita Atomiki kwa namna nyingine. Nikajiambia nitamwambia kesho, nikishajua namna ya kusema. Kesho nikajiambia baada ya Noeli. Majuto ni mjukuu, husema Waswahili, na mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi, nakula naye sahani moja.

Mwalimu alipaswa kurudi Januari. Lakini vita vilizidi, treni zikachukuliwa kubeba askari, na njia ya Bukama ikafungwa kwa watu wa kawaida. Nilifurahi. Watu walikuwa wanaomba treni zirudi, samaki walikuwa wameadimika sokoni, mama wa jirani alikuwa na watoto waliokwama kule, na mimi niliomba kimoyomoyo zisirudi. Mvua zote zile nkambo alikaa ndani ya koti lake, akiangalia mikono yake. Mara moja aliniita, kwa jina langu la shule, akaniuliza kama katika vitabu vyetu wameandika majina ya watoto wale. Nilisema hapana. Akauliza kama kuna mtu anayeyajua. Nilisema sijui, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Watu bado wananiuliza swali lile la ubaoni. Binti zangu wameniuliza, maana nao wamelikuta shuleni. Nawapa hoja za pande zote mbili, na kwa kweli hoja zangu za upande wa ndiyo ni nzuri kuliko zile za zamani. Sijui jibu. Najua tu kwamba nilikuwa na bomu langu dogo nyumbani, nikajiambia lina faida, na aliyeungua alikuwa anakaa mbele yangu kila siku akinishukuru kwa maji.

Juma la Pasaka, nikiwa kwenye foleni ya maji bombani, wanawake walikuwa wanashangilia. Treni ya kwanza ya Bukama ilikuwa imeingia, imejaa mpaka juu ya paa. Mmoja akasema hata mwalimu wa historia amemwona akishuka, na mke wake na mtoto mgongoni. Niliacha ndoo palepale nikakimbia. Ninyi mngependa kusikia kwamba nilikimbia kwa sababu dhamiri ilinishinda. Nilikimbia kwa sababu Jumapili wangekutana kanisani.

Nkambo alikuwa anachambua maharage na mama. Nilimwambia bila kuvuta pumzi. Kyungu na Kabange, kitabu cha ubatizo, vita vilikuwa vimeshaisha, mapipa hayakwenda kule.

"Nani anasema?"

"Mwalimu. Alituma neno na muntu wa treni. Leo."

Aliniambia nirudie, mara ya pili, mara ya tatu. Alihesabu kwa vidole, dada yake, harusi ya dada yake, mimba ya kwanza iliyotoka, mapacha. Kisha akaifunika sura yake kwa mikono ile mikubwa, na mabega yakatikisika, na mama akaanza kulia naye. Alipofunua uso alisema, "Bibi yangu." Akasema tena, "Bibi yangu, aksanti." Akamwita mdogo wangu, akamwinua, akamweka begani, na mtoto akashika sikio kana kwamba hakuna siku hata moja iliyopita.

Siku ya Pasaka alianzisha wimbo. Wazee waligeuka kumwangalia. Aliinuka wa kwanza katika safu yetu kwenda kwenye Meza ya Bwana, na alirudi akitafuna polepole, macho yamelowa. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mwenye furaha kiasi hicho, na sikuweza kumtazama.

Nilitaka tutoke kwa mlango wa nyuma. Yeye akaenda moja kwa moja kwa mwalimu, aliyekuwa amesimama mlangoni na wazazi wengine wakimpongeza kwa mtoto. Akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Maître, aksanti sana kwa ile neno ulituma na muntu wa treni. Umeniponesha."

"Neno gani, mzee?" mwalimu akauliza.

"Ya mapasa. Ya pipa."

"Lakini ile sikutuma, mzee. Nilimwambia mutoto minyi mwenyewe, mbele ya Noeli, siku niliendaka Bukama. Nilimwambia akuambie siku ileile." Akanigeukia. "Hukumwambia?"

Walikuwapo wazazi watano au sita. Alikuwapo Numbi na mama yake, ambao bado walikuwa hawajapata habari za baba. Wote walinitazama, na nkambo pia alinitazama. Nilimwona anahesabu tena kwa vidole, Noeli, mvua, mpaka Pasaka. Halafu akacheka kwa sauti, akajipiga paji la uso.

"Ah, kweli! Aliniambiaka!" akasema. "Minyi njo nilisahau. Munaona taabu ya bibi yangu? Aliolewa na muzee, kichwa kimekufa!"

Wakacheka wote. Mwalimu akacheka, akanipigapiga kichwani. Mtu mmoja akasema nimwache nkambo nikatafute kijana, na nkambo akasema kijana gani atanivumilia na bukari yangu mbichi. Tukaaga tukaondoka.

Tulitembea mimi na yeye, mkono wake juu ya bega langu, maana mgongo ulimsumbua kwenye mteremko. Tulifika kwenye reli. Hapo akasimama, ingawa hakukuwa na treni.

"Leo nilisema bongo," akasema, na kwetu bongo ni uongo. "Siku ya Pasaka, ku mulango ya kanisa. Mukate ya Bwana ingali mu kinywa."

Akaikanyaga reli kwa mguu mmoja.

"Ile pipa, minyi nilibebaka bila kujua. Hii, weye ulijua."

Hakuwa amekasirika. Ningependa kama angekasirika. Aliniangalia kama anavyomwangalia mtu mzima mwenzake, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani anitanie.

"Weye njo unajuaka kusema," akasema. "Sema."

Nilikuwa nimewashinda wote kwa kusema, na nilikuwa na kamusi nzima nyumbani. Nilisimama pale nikiangalia kokoto za reli. Alingoja, alingoja kweli, mpaka mama mmoja mwenye baiskeli akatupita na kutusalimu na kwenda mbali. Kisha akaniegemea tena begani.

"Twende," akasema. "Bukari inapoa."

Alifariki katika mvua zilizofuata. Mpaka siku ile aliniita bibi yangu mbele ya kila mtu, na kila aliponiita niliitika, na msamaha sikumwomba.